Uzi: Unataka kusomea uzamivu wa elimu kuhusu usawa, utamaduni na mabadiliko ya jamii? Anza na uamuzi, usianze na changamoto

Mleta mada

Ndugu walimu na wanafunzi wenzangu, salaam.

Kila msimu wa udahili unapokaribia ninaletewa rasimu za mapendekezo ya utafiti na watu wanaotaka kusomea shahada ya uzamivu katika elimu, na wengi wao wanataka kuandika kuhusu usawa. Ni jambo jema. Kinachonisumbua ni kwamba rasimu hizo, ziwe zimetoka Songea, Tabora au Pemba, zinafanana tangu kichwa hadi hitimisho. Kichwa ni “Changamoto zinazowakabili wanafunzi wa kike katika shule za sekondari za wilaya fulani”. Ndani yake mna orodha ile ile ya umaskini, umbali wa shule, mimba, mila potofu na mwamko mdogo wa wazazi. Mwishoni serikali inaombwa ijenge mabweni na jamii inaombwa ielimishwe. Hayo yote mtu angeweza kuyaandika bila kutoka nyumbani kwake, na hojaji mia mbili zikijazwa hazitaongeza wala kupunguza neno katika orodha hiyo.

Rai yangu ni kwamba tasnifu ya usawa ianze na uamuzi. Changamoto haina mwenyewe. Uamuzi una aliyeutoa, una tarehe, una karatasi iliyotiwa saini, una fedha iliyotengwa au iliyonyimwa, na una watoto ambao maisha yao yalielekea huku badala ya kule kwa sababu yake. Ukishika uamuzi mmoja ukaufuata hatua kwa hatua hadi darasani, utaona usawa unapovunjwa au unapojengwa, na ni nani hasa aliyeshika nyundo.

Chukua suala la wasichana waliopata mimba wakiwa shuleni. Tanzania Bara ilikuwa na kanuni za mwaka 2002 zilizoruhusu mwanafunzi kufukuzwa kwa kosa dhidi ya maadili au kwa kufunga ndoa, na wakuu wa shule waliihesabu mimba kuwa kosa la aina hiyo. Juni 2017 Rais Magufuli akatamka hadharani, akiwa mkoani Pwani, kwamba katika uongozi wake aliyezaa hatarudi shuleni. Novemba 2021 Wizara ya Elimu ikatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi, na Waraka wa Elimu Na. 2 wa mwaka 2021 ukatolewa. Mtafiti anayeuliza kwa nini wasichana hupata mimba amekwisha kumweka binti kizimbani kabla ya kuanza kazi. Anayeuliza waraka ule ulipotoka Dodoma, ukapita mkoani, halmashauri na katani hadi kufika mezani kwa mkuu wa shule, ulisomwaje na kila aliyeupokea, huyo ana swali. Nani aliutangaza kwenye kikao cha wazazi na nani aliuweka kwenye faili? Nani alimpokea binti akamrudisha darasani kwake, na nani alimshauri aende kituo cha elimu ya watu wazima ili “asiwaharibu wenzake”? Mtoto mchanga analelewa na nani mama yake akiwa darasani, na bibi anayemlea anapata nini katika mpango huo? Hapo utamaduni unaingia wenyewe, bila kuburutwa.

Au chukua fedha. Ruzuku ya uendeshaji ya shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka ilitokana na hesabu za Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002, wakati dola moja ilikuwa karibu na shilingi 1,000. Shilingi imeshuka sana tangu hapo, lakini kiwango hicho kilidumu hata baada ya elimu bila malipo kuanza Januari 2016. Sehemu yake hubakizwa kwa ajili ya vitabu, kinachobaki ndicho hufika shuleni, na hesabu hufuata idadi ya vichwa. Maana yake ni kwamba shule ya kijijini yenye watoto 150 na shule ya mjini yenye watoto 1,500 hupimwa kwa kibaba kimoja, ilhali shule ndogo nayo inahitaji chaki, daftari za maandalio, mlinzi na nauli ya mwalimu mkuu kwenda halmashauri. Hilo ni suala la haki linaloweza kupimwa kwa karatasi za benki, na ninashangaa kwa nini wapenzi wa usawa huliachia watu wa uchumi.

Kwa anayevutiwa na mabadiliko ya jamii, historia yetu ina maamuzi makubwa ambayo mashahidi wake bado wako hai. Elimu ya Kujitegemea ilitangazwa Machi 1967. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, ikafikiwa hatua ya kuandikisha watoto kwa wingi mwaka 1977, na kwa kuwa walimu hawakutosha, vijana waliomaliza darasa la saba walifunzwa ualimu huku wakifundisha. Jamii iliwaita walimu wa UPE, kifupi cha Kiingereza cha elimu hiyo ya msingi kwa wote, na jina hilo likageuka kuwa kejeli. Watu hao sasa ni wastaafu. Walifundisha kizazi kizima kusoma, kisha wakachekwa na kizazi hicho hicho. Anayetaka kuandika juu ya heshima ya mwalimu na mabadiliko ya jamii asichelewe kwenda kuwasikiliza.

Karibuni tujadili.

Mchangiaji, mwalimu wa sekondari, Lindi

Mleta mada, nakushukuru, ila naomba nikupinge kidogo kwa heshima. Sisi tulioko huku kusini tunaona mambo kwa macho. Msimu wa mavuno ukiisha, ngoma zinaanza, na kuna wiki ambazo madarasa ya watoto wadogo yanabaki nusu. Binti akitoka unyagoni anarudi akijiona mtu mzima, na wapo wazazi wanaomwona hivyo pia. Mtafiti akiandika kwamba mila inaathiri mahudhurio, anasema uongo gani? Nina nia ya kuomba nafasi ya uzamivu mwakani, na mada yangu ilikuwa hiyo hiyo unayoikataa. Sitaki nionekane ninawadharau wazee wangu, lakini pia sitaki kujifanya sioni.

Mleta mada

Mwalimu, hujasema uongo wowote, na mahudhurio yakishuka lazima yaandikwe. Shida yangu ni kwa mtafiti anayeiona ngoma na asiione shule. Shule nayo ina utamaduni wake: ina sare yake, ina namna yake ya kunyoa nywele, ina gwaride la asubuhi, ina lugha inayokatazwa kuzungumzwa uwanjani, na ina viboko ambavyo kanuni zinaviwekea mpaka wa vinne kwa idhini ya mkuu wa shule, mpaka ambao kila mwalimu anajua unavyoheshimiwa. Ina kalenda pia. Kalenda hiyo ilipangwa na watu, na mavuno ya Lindi hayakuwa mbele yao walipoipanga. Kwa hiyo unapokuta unyago na muhula vimegongana, una taasisi mbili za malezi zinazogombania wiki zile zile za mtoto yule yule, na kila moja inaamini kwamba ndiyo inayomfanya mtu.

Naomba umwangalie Marja-Liisa Swantz, Mfini aliyekuja Tanganyika mwanzoni mwa miaka ya 1950 kama mwalimu. Miaka ya 1960 alikaa Bunju, kaskazini mwa Dar es Salaam, pamoja na wanawake wa Kizaramo, akafuatilia mambo ya mwali na matambiko, na tasnifu yake ya uzamivu aliyoitetea Uppsala mwaka 1970 ilitokana na maisha hayo. Yule mwali aliyefungiwa ndani, ambaye wengine wangemwandika kama mfano wa giza, yeye alimtazama kama sehemu ya mfumo wa maana ambao jamii ilikuwa inajaribu kuurekebisha wakati mji unaisogelea. Baadaye, akiwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa utafiti shirikishi nchini, na mradi wa Jipemoyo uliofanyika wilayani Bagamoyo katikati ya miaka ya 1970 ukatokana na mkondo huo, wanakijiji wakiwa wachambuzi wa hali zao wenyewe. Paulo Freire, mwanaelimu wa Brazili aliyeandika juu ya elimu ya ukombozi, naye alifika Dar es Salaam mwanzoni mwa muongo ule ule. Ninataja haya kwa sababu vijana wengi huja na nadharia za ukombozi walizozisoma kwenye intaneti kana kwamba zimetua jana kutoka ng’ambo, wakati mbinu hizi zilijaribiwa kwa jembe na kwa ngoma hapa hapa Pwani.

Basi kwa mada yako, acha kuuliza unyago unaathiri vipi elimu. Tafuta mahali ambapo makungwi, wazazi na walimu walikaa wakakubaliana kuhamishia ngoma wakati wa likizo, au walishindwa kukubaliana, uandike kikao hicho kilivyokwenda.

Mchangiaji, mwalimu wa walimu, Kenya

Nimeusoma uzi huu kwa makini. Ningependa kuongeza suala la lugha, kwa maana huku kwetu ndilo linaloamua mengi. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza kwamba mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika madarasa matatu ya mwanzo, na hadi leo kanuni hiyo ipo kwenye maandishi. Nenda sasa kwenye shule ya kijijini uone: mzazi mwenyewe ndiye anayedai Kiingereza tangu chekechea, na mwalimu anayefundisha kwa lugha ya mama huonekana anawarudisha watoto nyuma. Sasa uamuzi ni wa nani hapo? Wa serikali iliyoandika, au wa mzazi aliyekataa? Nahofia kwamba mbinu yako ya kufuata waraka inaweza kumfanya mtafiti adhani kwamba kila kitu huanzia juu.

Mleta mada

Hoja nzito hiyo, na ninaikubali kama nyongeza. Uamuzi wa mzazi ni uamuzi pia, tena wenye fedha ndani yake.

Upande wetu maandishi yalikwenda kinyume na ya kwenu. Tume ya Makweta ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kufundisha kwa Kiswahili kuanzia mwaka 1985. Serikali ikalikataa pendekezo hilo. Sera ya Elimu ya mwaka 2014 ikafungua mlango wa Kiswahili kutumika katika ngazi zote, lakini sekondari zimebaki na Kiingereza. Ushahidi haukukosekana. Mradi wa LOITASA, wa utafiti wa lugha ya kufundishia Tanzania na Afrika Kusini, ulioanza mwaka 2002 ukiwakutanisha watafiti wa Dar es Salaam, Oslo na Western Cape, akiwamo Martha Qorro wa kwetu na Birgit Brock-Utne wa Norwe, ulifundisha baadhi ya masomo ya Kidato cha Kwanza kwa Kiswahili katika madarasa fulani na kwa Kiingereza katika mengine, na tofauti ilionekana wazi: penye Kiswahili wanafunzi waliuliza, walibishana, walieleza kwa maneno yao, penye Kiingereza walikaa kimya wakingojea kunakili ubaoni. Kwa hiyo swali la kama mtoto anaelewa zaidi kwa lugha anayoijua limekwisha kujibiwa, na sioni haja ya tasnifu nyingine ya kulithibitisha.

Lililobaki ni lile uliloligusa wewe. Mwanasosholojia Pierre Bourdieu aliandika akiwa na shule za Ufaransa mbele yake, mahali ambapo lugha inayotuzwa shuleni ni lugha inayozungumzwa sebuleni kwa wenye nafasi, kwa hiyo mtoto huirithi. Kwetu hali si hiyo. Kiingereza si lugha ya sebule ya karibu mtu yeyote. Hakirithiwi, kinanunuliwa kwa ada katika shule za mchepuo wa Kiingereza. Mzazi wa bodaboda anayejinyima ili mwanawe aende huko ameisoma hali halisi: mtihani wa Kidato cha Nne utamhukumu mtoto kwa Kiingereza, na anafanya hesabu yake. Kumwita mtu huyo mwenye kasumba ni uvivu wa mtafiti. Nadharia ikiletwa hapa lazima ivuliwe koti la huko ilikotoka, na tasnifu itakayofanya kazi hiyo vizuri itasomwa hata Paris.

Halafu kuna jambo ambalo watetezi wa Kiswahili, mimi nikiwamo, hatulipendi kulisema kwa sauti. Kwa mtoto wa Kimaasai, wa Kihadzabe au wa Kisukuma aliyekulia mbali na barabara, Kiswahili cha darasa la kwanza nacho ni lugha ya kujifunza. Nchi yenye lugha zaidi ya 120 ilichagua moja, ikaiunganisha jamii kwa namna ambayo majirani wanaitamani, na gharama ya uchaguzi huo ililipwa na watoto wa pembezoni. Mwenye ujasiri wa kuandika hilo bila kumbeza Nyerere na bila kumwabudu ana tasnifu nzuri mkononi.

Mchangiaji, afisa elimu wa halmashauri

Naomba niseme kwa niaba ya tunaotafitiwa. Mtafiti anakuja na barua ya chuo, anakwenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, anashuka wilayani na kwa Mkurugenzi, anafika kwetu, tunamwandikia barua ya kwenda kwa watendaji wa kata na shule. Tunampa takwimu, tunampa gari likipatikana, walimu wanaacha vipindi kujaza hojaji zake. Akiondoka, ameondoka. Hatuoni tasnifu, hatuoni hata ukurasa mmoja. Na wengi wao wanaandika juu ya usawa. Mwalimu wa shule moja aliwahi kuniuliza kwa nini asilipwe kwa kuhojiwa kila mwaka juu ya umaskini wake.

Pili, lugha. Mwalimu anahojiwa kwa Kiswahili, maneno yake yanatafsiriwa, tasnifu inafungwa kwa Kiingereza na kuwekwa maktaba. Hata akitaka kuthibitisha kama alinukuliwa sawasawa, atawezaje?

Mleta mada

Afisa, hapo umegusa kidonda. Sina utetezi wa kuwatolea.

Kuhusu lugha ya tasnifu, njia ipo lakini nyembamba. Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupokea tasnifu za uzamivu zilizoandikwa kwa Kiswahili, na Chuo Kikuu Huria pia kina tasnifu za namna hiyo, lakini ni za taaluma za Kiswahili. Tasnifu ya elimu huandikwa kwa Kiingereza. Sioni sababu ya kitaaluma ya kuwa hivyo, kwa kuwa istilahi zipo na wasomaji wapo. Wakati tunangoja, mwanafunzi anaweza kufanya mambo ambayo hayahitaji kibali cha seneti: ahifadhi manukuu ya Kiswahili ndani ya tasnifu sambamba na tafsiri yake, ili msomaji aone jinsi mwalimu alivyosema, arudi shuleni na rasimu ya sura ya matokeo, aisome mbele ya waliohojiwa kabla ya kuikabidhi, na pingamizi zao aziandike humo humo, kisha aache halmashauri kijitabu cha Kiswahili. Msimamizi anayesema kazi hiyo ni ya ziada aulizwe kwa upole, mbele ya kamati ya idara, mahojiano yalikuwa mali ya nani.

Swali la mwalimu yule kuhusu malipo si la utani. Muda wake una thamani, na mtafiti aliyepewa fedha za utafiti aliweke jambo hilo kwenye bajeti tangu mwanzo, kwa kiwango ambacho hakitamfanya mtu aseme yale anayodhani yanatakiwa.

Mchangiaji, mwanafunzi wa uzamivu, Marekani

Salaam kutoka ughaibuni. Kwa faida ya wanaofikiria kuja huku: programu nyingi za hapa huanza na kozi za miaka miwili hivi, zikifuatiwa na mitihani ya kina, ndipo mtu aruhusiwe kuandika pendekezo. Wengi wetu hulipiwa ada na kupewa posho kwa kufundisha au kusaidia utafiti wa profesa. Uingereza na kwa kiasi kikubwa nyumbani, njia ya tasnifu pekee hukutaka uje na swali mkononi, ingawa siku hizi vyuo vya Afrika Mashariki vina pia njia ya kozi na tasnifu, na Taasisi ya Utafiti wa Jamii ya Makerere ilianzisha uzamivu wenye kozi nzito mwaka 2012 chini ya Mahmood Mamdani.

Faida ya kozi ni kubwa. Hasara ni kwamba usawa unaofundishwa huku una historia yake: utumwa, shule zilizotenganishwa kwa rangi, hukumu ya Brown ya mwaka 1954 iliyokataza utengano huo. Ni historia ya kuheshimiwa, lakini nimewaona wenzangu wakirudi nyumbani kukusanya data wakiwa wanatafuta “rangi” Singida. Wanakosa kuona dini, kabila, mjini na kijijini, aliyesoma seminari na aliyesoma shule ya kata.

Mchangiaji, mwalimu wa sekondari, Lindi

Nimefuatilia yote. Mleta mada, nimebadilisha kichwa. Nimeandika: “Makubaliano kati ya walimu, wazazi na makungwi kuhusu kalenda ya shule na unyago katika kata mbili za mkoa wa Lindi.” Kata moja ngoma zilihamishiwa likizo, nyingine hazikuhamishwa. Je, kata mbili zinatosha kwa uzamivu? Kuna aliyeniambia watahini watasema sampuli ni ndogo.

Mleta mada

Zinatosha, Mwalimu, ikiwa utakaa humo kwa muda wa kutosha kuona angalau msimu mmoja wa mavuno na likizo moja katika kila kata. Kata mbili zilizofanana kwa kabila, kilimo na umbali wa shule, zikatofautiana katika jambo hilo moja, zitakufundisha zaidi ya wilaya kumi za hojaji. Mtahini akiuliza kuhusu sampuli, mweleze kwamba hukwenda kukisia asilimia ya mkoa. Ulikwenda kueleza jinsi makubaliano yanavyopatikana au kukwama.

Mambo mawili ya kurekebisha. Kichwa chako kina walimu, wazazi na makungwi, lakini mabinti wenyewe hawamo, na wao ndio ambao wiki zao zinagombaniwa. Waingize, kwa idhini yao na ya wazazi, na fikiria mapema nani atawahoji, kwa sababu mambo mengine hawatamwambia mwalimu wao, na mengine ni siri ya unyago ambayo huna haki ya kuichapisha hata ukiisikia. Kisha tafuta mihutasari ya vikao vya kamati ya shule na ya serikali ya kijiji kabla hujamhoji mtu yeyote, maana mingi huandikwa kwenye daftari za kawaida na hupotea mtendaji anapohamishwa. Anza na hiyo likizo hii hii.